Hewa, Unyevu na Utelezi wa Almasi

Almasi mbili zilizong'arishwa zikisuguliwa pamoja katika hewa ya kawaida huteleza kwa wepesi usiotarajiwa kwa vitu vigumu kiasi hicho. Kizigeu cha msuguano, yaani nguvu ya kuburuta ikigawanywa kwa nguvu inayokandamiza, huwa kati ya 0.05 na 0.1, wakati chuma kikavu juu ya chuma hufika 0.6 na kuendelea. Kwa muda mrefu utelezi huo ulihesabiwa kuwa mali ya jiwe lenyewe, sawa na ugumu wake na mng'ao wake. Utafiti ulioanza kwa dhati katikati ya karne ya 20, na ambao baadaye ulihamia kwenye tando nyembamba za almasi zinazopakwa juu ya vyuma na kauri, umeonyesha vingine. Sehemu kubwa ya utelezi huo hutoka kwenye gesi na mvuke unaolizunguka jiwe. Hewa ikiondolewa, almasi hukwama.

Dalili ya mwanzo ilitoka kwa ndugu wa almasi, yaani grafiti, ambayo nayo ni kaboni tupu iliyopangwa kwa namna nyingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege zilianza kuruka juu zaidi kuliko zamani, na huko juu jenereta zake zikapata ugonjwa usioeleweka. Brashi za kaboni zinazopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, ambazo ardhini zilidumu muda mrefu, angani ziligeuka vumbi baada ya saa chache tu. Maelezo yaliyokuwa yakifundishwa wakati huo yalisema grafiti huteleza kwa sababu imejengwa kwa tabaka bapa zinazopishana kwa urahisi. Maelezo hayo yalikuwa na kasoro moja kubwa: mpangilio wa tabaka haubadiliki ndege inapopaa, ilhali brashi zilikuwa zinakwisha.

Robert Savage wa kampuni ya General Electric, Marekani, alichapisha jibu mwaka 1948. Ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, grafiti ilijikwangua na kuwa unga kwa kasi ileile iliyoonekana angani. Mvuke kidogo tu wa maji ulipoingizwa, uchakavu ulikoma. Gesi kavu kama naitrojeni haikusaidia. Hewa ya juu ni nyembamba na, zaidi ya hapo, ni kavu mno, na ukavu huo ndio uliokuwa unaziua brashi. Watengenezaji walianza kuchanganya kemikali maalumu kwenye brashi za ndege ili zifanye kazi ambayo ardhini hufanywa na unyevu. Kwa wahandisi, shida ilikuwa imekwisha. Kwa wanafizikia, swali lilikuwa limefunguka: kama grafiti inategemea mvuke, je, almasi?

Swali hilo lilichukuliwa na maabara ya Frank Philip Bowden na David Tabor katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Bowden, mzaliwa wa Hobart huko Tasmania, alikuwa amekwama Australia vita vilipoanza, akaanzisha maabara ya vilainishi mjini Melbourne ambako Tabor alijiunga naye. Wawili hao walirudi Uingereza na nadharia iliyobadilisha somo zima la msuguano. Nyuso mbili, hata zikiwa laini kiasi gani, hugusana kwenye vinundu vichache tu. Kwenye vinundu hivyo metali hushikamana, na msuguano ni nguvu ya kuvunja mishikamano hiyo. Nadharia iliafikiana vizuri na metali safi, ambazo zikikutana katika ombwe huganda kabisa. Almasi ilikuwa mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa haibonyei kirahisi, haiyeyuki, na vifungo vyake vya kikemia ni vya aina tofauti na vya metali.

Mwaka 1951 Bowden na J. E. Young walichapisha matokeo ya kupasha moto almasi, grafiti na kaboni ndani ya ombwe ili kufukuza chochote kilichonata juu yake. Msuguano wa zote ulipanda mara kadhaa. Oksijeni au mvuke wa maji ulipoachiwa uingie, hata kwa kiasi kidogo sana, ulishuka tena. Katikati ya miaka ya 1960, Bowden na A. E. Hanwell walipata pampu bora zaidi na wakaweza kufanya kazi katika ombwe kali mno. Mwanzoni almasi yao iliteleza vizuri kama iliyo hewani, jambo ambalo lingeweza kuwafanya wafunge daftari. Waliendelea kuisugua kwenye njia ileile, tena na tena, na kizigeu kikapanda polepole hadi karibu 0.9. Kulikuwa na kitu juu ya jiwe kilichokuwa kikikwanguliwa kidogo kidogo, na ndani ya ombwe hakikuwa na pa kutoka ili kirudi.

Hesabu ya gesi inaeleza kwa nini pampu zilikuwa na uzito mkubwa kiasi hicho katika historia hii. Kanieneo likishushwa hadi sehemu moja ya bilioni ya hewa ya kawaida, bado molekuli zinazogonga uso zinatosha kuufunika wote kwa muda wa kama sekunde moja, ikiwa kila molekuli itanata. Kwa maabara nyingi za kabla ya vita hilo lingekuwa ombwe zuri, na bado lilikuwa chafu mno kwa jaribio hili, kwani uso uliokwanguliwa ulifunikwa upya kabla kipimo hakijapita mara ya pili. Kanieneo likishuka mara 10,000 zaidi, muda wa kufunikwa hufika karibu saa tatu, na hapo ndipo uso mtupu unapoweza kuonekana kwa utulivu. Msuguano wa almasi kwa hiyo ni matokeo ya mashindano kati ya kasi ya kukwangua na kasi ya kufunika. Anayesugua kwa nguvu na haraka anahitaji gesi nyingi zaidi ili kubaki kwenye utelezi uleule.

Kinachofunika ni nini hasa? Ndani ya almasi kila atomi ya kaboni ina mikono minne, na kila mkono umeshika atomi jirani. Usoni majirani wanakosekana, na mikono ya nje hubaki mitupu ikitafuta cha kushika. Kwenye jiwe la kawaida mikono hiyo imekwishashika haidrojeni, oksijeni au kipande cha molekuli ya maji, na uso uliotulia namna hiyo hauna haja ya kushikana na uso mwingine. Wachimbaji walitumia jambo hili bila kulijua kwa undani: tangu mwishoni mwa karne ya 19 migodi ya Kimberley, Afrika Kusini, ilipitisha changarawe na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, na almasi zikanata huku mawe mengine yakisombwa, kwa sababu uso wa almasi huyakataa maji na kupenda mafuta. Haidrojeni ikikwanguliwa katika ombwe, mikono mitupu ya upande mmoja hukutana na mitupu ya upande wa pili na kushikana. Hapo msuguano huwa ni kazi ya kukata vifungo vya kaboni na kaboni, ambavyo ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu sana katika kemia.

Hadi hapo mjadala ulihusu mawe. Tando zilikuja kwa njia nyingine, na zilichelewa kukubalika. William Eversole wa Union Carbide aliotesha almasi kutoka kwenye gesi yenye kaboni kwa kanieneo dogo mnamo 1952, kabla General Electric haijatangaza, Februari 1955, almasi zake za kanieneo kubwa. Njia yake ilikuwa ya polepole mno, na wengi waliipuuza. John Angus wa Cleveland aliiendeleza nchini Marekani, na kundi la Boris Deryagin na Boris Spitsyn mjini Moscow likafanya hivyo Urusi. Mnamo 1982 na 1983 watafiti wa taasisi ya vitu visivyo hai ya Tsukuba, Japani, wakiwemo Matsumoto, Sato, Kamo na Setaka, walieleza wazi jinsi ya kufanya hivyo kwa waya wa moto na kisha kwa plazma ya maikrowevu. Methani kiasi cha asilimia moja huchanganywa na haidrojeni, waya hupashwa hadi nyuzi 2,000 za Selsiasi hivi, na juu ya kipande kilichowekwa karibu, chenye joto la nyuzi 700 hadi 1,000, fuwele za almasi huota na kuungana kuwa utando.

Haidrojeni katika mchanganyiko huo ina kazi mbili. Huteketeza grafiti inayojaribu kuota pamoja na almasi, na hushika mikono mitupu ya uso wakati fuwele zinakua. Utando kwa hiyo huzaliwa ukiwa umevaa haidrojeni tayari. Kasoro yake ya mwanzo ilikuwa ukwaruzi: fuwele zilisimama na ncha zake kama zilivyoota, na vipimo vya kwanza vilipima zaidi ukwaruzi huo kuliko kemia. Tando ziling'arishwa, au zilioteshwa kwa chembe ndogo. Katika miaka ya 1990 kundi la Dieter Gruen kwenye Maabara ya Argonne, karibu na Chicago, lilitumia plazma yenye agoni nyingi na kupata chembe za nanomita tatu hadi tano tu. Ukwaruzi ulipopungua, athari ya hewa ikajitokeza wazi.

Watu wa anga za juu ndio waliokuwa na haraka zaidi. Mafuta na grisi huvukiza katika ombwe, na vilainishi vikavu navyo vina mashaka yake. Mwaka 1991 antena kubwa ya chombo cha Galileo, kilichokuwa njiani kwenda Mshtarii, ilikataa kufunguka. Uchunguzi ulielekeza kwenye pini zilizokwama baada ya kilainishi kikavu kilichopakwa juu yake kukwanguka wakati chombo kikisafirishwa kwa lori huku na huko nchini Marekani. Kilainishi hicho, kilichotengenezwa kwa salfidi ya molibdenamu, ni kinyume cha grafiti, kwani huteleza vizuri katika ombwe na kuharibika kikisuguliwa katika hewa yenye unyevu.

Katika kituo cha Lewis cha NASA mjini Cleveland, Kazuhisa Miyoshi alipima tando za almasi katika hewa yenye unyevu, katika naitrojeni kavu na katika ombwe kali. Katika hali mbili za kwanza tando laini zilitoa vizigeu vya chini sana, mara nyingine chini ya 0.05. Katika ombwe zilipita 1. Alipozipiga kwa ioni za kaboni au naitrojeni, na hivyo kuvuruga mpangilio wa tabaka la juu kabisa, msuguano wa ombweni ulishuka hadi karibu 0.1. Naye Michael Gardos wa kampuni ya Hughes alipasha moto tando ndani ya ombwe akafuatilia haidrojeni ikitoka na msuguano ukipanda, kisha ukipungua tena uso ulipojipanga upya. Majaribio haya yalithibitisha kwenye tando kile ambacho Cambridge ilikiona kwenye mawe miaka 30 kabla.

Wakati huohuo kulikuwa na utando mwingine wa kaboni uliojibu kinyume kabisa, na ulileta mkanganyiko mkubwa. Mwaka 1971 Sol Aisenberg na Ronald Chabot walieleza jinsi ya kurusha ioni za kaboni na kupata utando mgumu usio na fuwele, ukaitwa kaboni inayofanana na almasi. Baadhi ya tando hizi hazina haidrojeni, nyingine zimejaa haidrojeni hadi asilimia 40 ya atomi zake au zaidi. Mwaka 1980 Enke, Dimigen na Hübsch, wakifanya kazi Hamburg, walitoa taarifa iliyowashangaza wengi. Utando wao wenye haidrojeni, uliosuguliwa dhidi ya chuma, ulikuwa na kizigeu cha karibu 0.02 mvuke ulipokuwa mdogo, na kilipanda hadi karibu 0.2 mvuke ulipoongezeka. Unyevu uleule ulioiokoa almasi ulikuwa unaudhuru utando huu.

Mpaka wa jambo hili ulifikiwa Argonne. Ali Erdemir na wenzake, katika taarifa za kuelekea mwaka 2000, walitengeneza tando kutoka plazma yenye methani kidogo na haidrojeni nyingi, wakazisugua katika naitrojeni kavu na kupata vizigeu vya 0.001 hadi 0.003. Katika vifaa hivyohivyo, utando usio na haidrojeni ulitoa karibu 0.65. Tofauti ya mara mia kadhaa, kati ya vitu ambavyo jicho lisingevitofautisha, ilitokana na haidrojeni pekee. Maelezo ya Erdemir yalikuwa kwamba uso uliojaa haidrojeni una chaji chanya kidogo kwa nje, kwa sababu elektroni huvutwa upande wa kaboni, na nyuso mbili za namna hiyo husukumana. Molekuli za maji zikiingia kati huleta mvutano wake, kwa kuwa zina ncha chanya na ncha hasi na hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2001 kwamba hata katika naitrojeni inayoitwa kavu, kipimo kikienda polepole mno, masalia ya gesi hupata muda wa kunata kati ya mpito mmoja na mwingine na msuguano hupanda.

Kwa hiyo kanuni moja inaeleza tabia mbili zinazopingana. Uso usio na haidrojeni ya kutosha ndani yake, uwe wa almasi halisi au wa kaboni tupu, huhitaji mvuke ili kufunika mikono yake. Uso ulioshiba haidrojeni hauhitaji msaada huo, na mvuke kwake ni mzigo. Vitabu vya awali vilivyojumuisha tando zote chini ya jina moja la almasi na kuandika safu moja ya namba viliwapotosha wahandisi wengi.

Ubishi mmoja ulibaki. Baadhi ya watafiti walishikilia kwamba almasi huteleza hewani kwa sababu tabaka lake la juu hugeuka grafiti linaposuguliwa, na kwamba grafiti hiyo ndiyo kilainishi. Hoja ilikuwa na mantiki, kwa kuwa grafiti ndiyo hali tulivu zaidi ya kaboni kwenye kanieneo la kawaida, na kwenye tando zisizo na fuwele dalili za mabadiliko hayo zilikuwa zimeonekana kweli. Kuumaliza ubishi kulihitaji kuangalia atomi za njia iliyosuguliwa, na tabaka linalohusika ni nyembamba kuliko vipimo vingi vinavyoweza kuona.

Mwaka 2008 watafiti Konicek, Carpick na wenzao walisugua tando za almasi ya chembe ndogo mno katika agoni iliyotiwa unyevu wa kiasi kilichodhibitiwa, kutoka asilimia 1 hadi 50. Kisha walizipeleka kwenye mashine ya eksirei inayotambua kama kaboni imefungwa kwa mtindo wa almasi au wa grafiti. Grafiti haikuonekana, isipokuwa dalili hafifu, chini ya tabaka moja la atomi, pale mzigo ulipokuwa mkubwa na unyevu mdogo sana. Kilichoonekana ni oksijeni iliyonata, yaani maji yaliyovunjika na kufunga mikono mitupu. Hata kwenye unyevu mdogo utando ulifika kwenye utelezi mzuri, ila ulichukua muda mrefu zaidi wa kuzoeana. Miaka minne baadaye watafiti wa Lyon, Ufaransa, na wa Modena, Italia, waliunganisha vipimo na hesabu za kompyuta wakaonyesha kwamba molekuli ya maji hukatika kirahisi kati ya nyuso mbili za almasi, sehemu moja ikashika huku na nyingine kule. Haidrojeni ya gesi nayo hufanya kazi hiyo, ila inahitaji kanieneo kubwa zaidi ya mvuke wa maji. Kwa almasi halisi, dai la grafiti kama kilainishi limeshindwa.

Gesi nyingine zina hadithi fupi. Agoni na heliamu hazifungi chochote, huuacha uso ulivyo, na utando wa almasi ndani yake huteleza tu mradi vazi lake la asili halijakwanguliwa. Naitrojeni huwa karibu sawa na hizo, kwa kuwa molekuli yake ni ngumu kukatika. Oksijeni husaidia kufunika uso kwenye joto la kawaida, lakini joto likipita nyuzi 600 huanza kuila almasi yenyewe.

Matumizi yamefuata ramani hiyo. Sili za pampu za maji hupakwa almasi halisi, kwa sababu huko unyevu hauishi. Vifaa vya satelaiti hupewa tando zenye haidrojeni nyingi, na huwekwa mbali na hewa yenye unyevu wakati wa majaribio ya ardhini kadiri inavyowezekana. Kwa vifaa vinavyopaswa kufanya kazi kote kuwili, Andrey Voevodin na Jeffrey Zabinski wa maabara ya jeshi la anga la Marekani huko Dayton walibuni, karibu mwaka 2000, tando zilizochanganya kaboni na salfidi ndani ya kauri ngumu, wakaziita za kinyonga: hewani kaboni hujitokeza juu, ombweni salfidi huchukua nafasi.

Upande wa vipimo ndio uliochelewa. Hewa ya nje ya majira ya baridi iliyojaa mvuke kwenye nyuzi sifuri, ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 20, hubaki na unyevu wa asilimia 26 tu, na maabara ya Ulaya isiyodhibiti hewa yake inaweza kupata namba tofauti Januari na Julai kwa utando uleule. Kiwango cha ASTM G99, kinachotumika kwa jaribio la pini juu ya kisahani, kinataka ripoti itaje hewa ya jaribio pamoja na unyevu wake. Kwa tando za almasi, namba isiyo na taarifa hiyo haimfai mhandisi kwa lolote.